Gari Lenye Adabu

Kwetu Kabuchai mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, hamtaji jina wala mama hamtaji yeye, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kwenye mahindi akajifanya anatafuta kitu. Sijui koo nyingine zinafanyaje. Nasikia siku hizi kuna wakwe wanaopigwa picha wamekumbatiana. Sisi bado. Na tuko hivyo kwa sababu ya senge Nabwile, dada yake marehemu baba, ambaye hakuna aliyemteua kuilinda mila lakini anailinda kuliko askari wa benki.

Mimi niliolewa Saboti, kwa Wachira. Babu yake alikuja Trans-Nzoia kulima akitokea upande wa Nyeri, na kwao mama mkwe ni wa kuheshimiwa lakini ni mtu: anakaribishwa, anakaa, anapewa chai. Wachira angesema mila zetu zimemshinda, nisingemlaumu. Badala yake alizipokea kama mtu aliyebatizwa jana, yule anayeimba kwa sauti kuishinda kwaya nzima. Mama akinipigia simu, Wachira hutoka nje ya nyumba. Siku moja tukiwa soko la Bungoma alimwona mama wa watu mwenye kitambaa cha kichwa kama cha mama yangu, akaruka mtaro, akaangukia nyanya za wenyewe. Nilizilipia mimi, na salamu ya pole sikupewa.

Basi tulikuwa na mtoto, Kabura, binti yetu wa kwanza. Alikuwa ameanza kukaa bila kushikiliwa na bado mama yangu hajamwona. Alikuwa akimjua kwa simu ya kaka yangu Wekoye, ambayo kioo chake kimepasuka, kwa hiyo mama aliamini mjukuu wake ana mstari kutoka sikio hadi kidevu. Kwa nini nisimpeleke mtoto Kabuchai? Niliuliza. Senge alisema mjukuu hapelekwi kwa bibi kama kifurushi. Bibi ndiye aingie kwanza nyumba ya binti yake, kwa utaratibu, ale, afunikwe blanketi jipya na mkwe. Mimi ni mwalimu, nimezoea utaratibu. Lakini kulea mtoto wa kwanza bila mama yako karibu ni jambo chungu, nalisema wazi. Kuna siku nilikaa jikoni nikalia huku ugali unaungua.

Mwishowe senge alikubali kutoa siku. Mama angeletwa Saboti kwa gari la Wachira, ila Wachira mwenyewe asiwemo. Wekoye angeendesha. Senge angekaa nyuma na mama, kama refa. Wachira angefuata kwa boda, mbali, na wakifika ajifiche hadi mama aingie ndani na kula. Wakionana uso kwa uso kabla ya hapo, mambo yote yameharibika.

"Yakiharibika tunafanya nini?" nikamuuliza kwa simu.

"Tunageuza gari tunaludi Kabuchai. Tunaanza upya baada ya mavuno. Na mimi baada ya mavuno niko na matanga mawili na harusi," akasema senge, ambaye herufi ele na ere kwake ni ndugu, hutumwa popote yeyote kati yao. "Kwa hivyo mwambie huyo bwana yako asicheze."

Sasa, kumwambia Wachira asicheze ni sawa na kumwambia mbuzi asitafune. Ana gari la mtumba la Kijerumani lenye kompyuta nyingi kuliko shule yangu, na alikuwa amenunua waya mtandaoni. Ncha moja inaingia kwenye laptopu, nyingine kwenye tundu lililo chini ya usukani. Ukishachomeka, programu inakuonyesha mambo yote ambayo gari linaweza kufanya lakini kiwanda kililikataza. Wachira, ambaye kazi yake ni kuuza pampu za maji Kitale, alijifunza mambo hayo kwa video za mtu asiyeonyesha uso, vidole tu. Jioni baada ya jioni alikaa humo garini akiweka tiki na kutoa tiki. Aliondoa mlio wa mkanda. Alifanya vioo vya pembeni vijikunje gari likifungwa. Alifanya taa ziwake zenyewe kukaribisha wageni, zikamkaribisha ng'ombe wa jirani yetu Kipruto, na ng'ombe huyo akakataa kupita njia yetu hadi leo.

Siku moja kabla ya safari nilimkuta garini, laptopu mapajani, ulimi nje.

"Wachira, si umeambiwa usicheze?"

"Sichezi. Hii gari lazima ijue heshima." Akanigeuzia kioo nione, kana kwamba ningeelewa. "Angalia. Mlango wa dereva ukifungwa, yote inajifunga. Milango ya nyuma haitafunguka kutoka ndani. Mgeni wa heshima hajifungulii mlango, anafunguliwa. Madirisha ya nyuma nimeyafunga, vumbi la Kamukuywa lisimpate. Na hizi batani za mlango wa dereva nimezizima, kwa sababu Wekoye ako na vidole vinawasha."

"Sasa milango ya nyuma itafunguliwa na nini?"

"Rimoti. Ukibonyeza mara moja, inafungua dereva peke yake. Mara mbili, inafungua yote."

"Na hii umeandika honi ni ya nini?"

Hapo uso wake ukang'aa kwa furaha. "Hiyo ndiyo mambo yote! Wakifika, Wekoye anabonyeza mara mbili, gari inapiga honi, mimi huku nyuma najua wamefika, najificha. Hatuwezi kuonana hata kwa bahati mbaya."

"Umejaribu?"

"Kompyuta imekubali," akasema mume wangu.

Na kompyuta ilikuwa imekubali kweli. Kitu ambacho haikumwambia, au ilimwambia kwa Kijerumani, ni kwamba kubonyeza mara mbili hakuwezi kufanya kazi mbili. Ukiipa honi, umeinyang'anya milango.

Siku yenyewe nilipika kuanzia alfajiri. Nilimvisha Kabura gauni la manjano, nikamfunga mgongoni, nikasimama langoni. Gari likaja polepole, safi, na kwenye dirisha la nyuma nikamwona mama yangu. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Kando yake senge Nabwile, na mapajani mwa senge jogoo mwekundu wa zawadi. Nilipunga mkono kama mtoto wa nasari. Wekoye akazima gari, akashuka, akafunga mlango wake nyuma yake kwa mkogo, akabonyeza rimoti mara mbili.

Pip-pip, likasema gari. Vioo vya pembeni vikajikunja. Milango ya nyuma ikabaki kama ilivyokuwa.

Wekoye akabonyeza tena. Pip-pip.

Akavuta mlango wa nyuma kwa mkono. Senge akausukuma kwa ndani. Jogoo akapiga kelele. Pip-pip, pip-pip, pip-pip.

"Wachira yuko wapi?" Wekoye akaniuliza.

Wachira alikuwa amefika kwa boda nyuma yao, akiwa amevaa suti, na amepakwa vumbi la kutoka Kabuchai hadi Saboti mpaka huwezi kujua suti ilikuwa rangi gani. Aliposikia honi ya kwanza alikimbilia nyuma ya jikoni, kama alivyopanga. Honi ya pili ikamfanya adhani mama anakaribia, akahamia zizini. Kila Wekoye alipobonyeza kutafuta msaada, mtu pekee aliyeweza kusaidia alizidi kwenda mbali. Nilimpata kwenye nepia ya Kipruto, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, amelala kifudifudi, tai imefunika sikio.

"Ameingia?" akaninong'oneza.

"Hata kutoka hajatoka! Gari lako limemfungia!"

Akafikiri, uso kwenye majani. Kisha akasema, taratibu sana, "Aki, ile honi."

Tangu hapo nikawa posta. Wachira hangeweza kumkaribia mama, mama hangeweza kumsemesha Wachira, na mimi mwenye mtoto mgongoni nikawa nakimbia kati ya gari na zizi, ambako nilikuwa nimemsogeza. Wekoye alikuwa amefungua mlango wa dereva, huo ulikubali, kwa hiyo hewa ilikuwepo na mazungumzo pia.

"Mwenye gari anasema mpitie mbele," nikawaambia. "Mvuke tu katikati ya viti, mtokee kwa mlango wa dereva."

Mama akakitazama kiti cha dereva. Akanitazama mimi. "Sellah, hiyo si kiti anakaliaga kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unataka nipitishe makalio yangu hapo?"

"Haiwezekani!" senge akadakia. "Mama mkwe kukaria kiti cha mkwe? Hata kukipita juu ni kukikaria! Bola turare humu!"

Nikarudi zizini. Wachira aliposikia alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Wako sawa," akasema. "Hata mimi nilisahau. Mwambie mgeni naomba msamaha kwa kupendekeza hiyo kitu." Mwanamume huyu! Mimi nataka mama atoke, yeye anakubaliana na mashtaka.

Kipruto, aliyevutwa na honi, alikuja na jiwe. "Vunja kioo tu, bana. Ni dakika moja."

"Mwambie huyo jirani asivunje mali ya mtoto wa watu," mama akasema kutoka ndani, na Kipruto akaliweka jiwe chini lakini si mbali.

Ikabaki njia moja. Wachira alete laptopu, achomeke waya, aondoe tiki alizoweka. Lakini waya wenyewe ulikuwa mfupi kama mkia wa sungura; mtu angelazimika kukaa kiti cha dereva, na nyuma yake, kwa umbali wa kukoholeana, mama mkwe. Nilipolisema hilo senge alifumba macho kama anayesali. Nilijua anatafuta neno la kusema turudi Kabuchai. Niliona chakula kinapoa ndani. Niliona mavuno, matanga mawili na harusi.

"Senge, tafadhali," nikasema, na sauti yangu ikakatika bila mimi kuikata.

Labda hiyo ndiyo iliyomlegeza. Alifungua macho. "Sheria inasema uso kwa uso," akasema. "Kama yeye hana uso, hakuna kosa. Mfunikeni."

Kitu cha kumfunika mwanamume mzima hakikuwepo isipokuwa kimoja: blanketi jipya la mama, nene, lenye picha ya simba, lililokuwa linamngoja kitini ndani ya nyumba. Wekoye akalileta. Wachira akatokea zizini amefunikwa kutoka kichwani hadi viatuni, laptopu kifuani, akipapasa njia kwa mguu, simba akitutazama kutoka mgongoni mwake. Kabura alimwona baba yake hivyo akacheka hadi akapata kwikwi. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, huku machozi bado hayajakauka.

Akaingizwa garini kinyumenyume. Senge akatandaza lesso katikati, ncha moja akaishika yeye na nyingine akampa mama, na jogoo akaachwa ajitafutie. Wachira akawasha mitambo. Chini ya blanketi kukawa na mwanga wa buluu.

"Inasema nifunge mlango," likasema blanketi. "Haiwezi kuandika kama kuna mlango uko wazi."

"Usifunge!" nikasema.

Lakini Wekoye ana vidole vinavyowasha, hilo Wachira hakukosea. Alikwisha kuusukuma mlango. Tukasikia tk, milango yote kwa pamoja, vioo vikajikunja, na mume wangu na mama yangu wakawa wamefungiwa ndani ya kisanduku kimoja kilichotengenezwa Ujerumani. Wekoye akabonyeza rimoti, lakini gari lenye waya wa kompyuta halikuisikia tena.

Kilichofuata tulikiona kupitia kioo. Blanketi lilitikisika. Waipa zikaanza kupiga kwenye kioo kikavu. Kiti cha dereva kikaanza kurudi nyuma chenyewe, polepole, simba akimwendea mama, mama akikunja magoti na senge akipiga yowe, kisha kikasimama, kikafikiri, kikaenda mbele. Jogoo akapata nafasi, akaruka juu ya kilima kilichokuwa kichwa cha Wachira, akatulia hapo. Honi ikaanza kulia yenyewe, si pip-pip tena bali mfululizo, na watu wakaanza kutoka njia yote ya kwenda Saboti.

"Wachira, unafanya nini?" nikapiga kelele kwenye kioo.

"Sioni kitu!" likajibu blanketi. "Nikiinua kidogo nione, mwanga unaonyesha uso! Naweka tiki kwa kubahatisha!"

Kabura, aliyekuwa akicheka, akachoshwa na honi. Akaanza kulia, kile kilio cha mtoto anayetaka wote tujue. Nikamshusha mgongoni, nikamweka kifuani, nikasimama kwenye dirisha la nyuma nikimbembeleza. Ndipo mama akamwona vizuri. Akaiachia ncha ya lesso. Akasogea hadi pua ikagusa kioo, akamtazama mtoto kwa makini, akipita kwa macho kutoka sikio hadi kidevu.

"Hana mstari," akasema.

"Hana, mama. Ni simu ya Wekoye."

Kabura akamwona na yeye. Hakunyamaza, hilo halitokei ila kwenye mahubiri. Alizidisha kilio na kunyoosha mikono yote miwili kwenye kioo, akakipiga. Mama akaweka kiganja chake upande wa pili. Kisha akageuka mbele.

"Wachira," akasema.

Honi ilikuwa ikilia bado, lakini naapa wote tulisikia. Mwanamke ambaye kwa miaka yote ya ndoa yangu alimwita "huyo", "mwenye nyumba" na "baba ya mtoto", alimwita jina. Blanketi likaganda. Senge akajiziba masikio kwa ncha ya lesso.

"Wachira, toa hiyo blanketi kwa kichwa. Fanya kazi na macho. Mtoto wangu analia, na mtoto wake analia, na mimi nimekaa hapa kama kiazi kwa gunia."

"Mama," akasema Wachira kwa sauti ya mtu anayeulizwa swali mbele ya darasa, "nitakuonyesha mgongo tu."

"Nionyeshe chochote. Fungua."

Jogoo akaanguka, blanketi likaanguka, na mume wangu akatokea, jasho limechora mito kwenye vumbi la uso. Alitazama laptopu mara moja tu. Akatoa tiki moja, akatoa nyingine. Honi ikakatika. Kimya kile kilikuwa kitamu. Kisha tk, na mlango wa nyuma ukafunguka mkononi mwangu.

Mama hakunisalimu. Alimchukua Kabura kifuani kwangu kabla mguu wake wa pili haujagusa chini, akamnusa shingoni, akamgeuza, akamnusa upande wa pili. Alisema naye kwa Kibukusu maneno ambayo mtoto hakuyaelewa na mimi niliyaelewa yote. Kabura akanyamaza akiwa ameshika kile kitambaa cha kanisani kwa ngumi.

"Mama Wekoye!" Senge akaita. Alikuwa bado kitini, mlango wazi, lesso mkononi. "Umemwita jina! Umemwona uso! Yote yameharibika! Rudi kwa gari, tunageuza sasa hivi, tutaanza upya baada ya mavuno!"

Watu wote wakamtazama mama. Mimi sikuweza kutazama. Nilitazama viatu vyake. Nilijua hajawahi kumpinga senge, hata siku ya kumzika baba, hata pale senge alipochagua nyimbo.

"Nabwile," mama akasema, bila hasira yoyote, "wewe baki humo. Wekoye atakupeleka Kabuchai uanze upya, ufuate kila kitu vizuri vile inatakiwa. Mimi nimefika."

Akapita lango langu na mtoto mkononi. Nilibaki nimesimama, nikalia mbele ya Kipruto na watu wote wa njia hiyo, na sikuona haya hata kidogo. Wachira alikuwa amesimama kando ya gari na blanketi mikononi, akitazama zizi, akitazama nepia, hajui aende kujificha wapi. Kutoka ndani ya nyumba mama aliita tena jina lake, akasema ana njaa, na sisi wawili tukaingia.